Mtemi Mirambo na kesi ya mauaji iliyohukumiwa kwa barua

JINA la Mtemi Mirambo si geni masikioni mwa Watanzania. Upo mtaa katikati ya jiji la Dar es Salaam unaoitwa kwa jina lake, na mjini Tabora ipo shule ya sekondari ya siku nyingi inayoitwa Milambo, kama wenyeji wanavyolitamka jina hilo. Vitabu vya shule humtaja kuwa shujaa wa Wanyamwezi aliyewatikisa wafanyabiashara wa Kiarabu na kuifunga njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Ujiji.

Hata hivyo, katika maisha ya mtawala huyo upo mkasa mmoja ambao hautajwi sana, nao ndio uliobadili mwelekeo wa utawala wake. Ni mauaji ya Waingereza wawili, Kapteni Frederick Carter na mwenzake Tom Cadenhead, yaliyotokea Mpimbwe mwezi Juni mwaka 1880. Kwa mauaji hayo Mirambo alishutumiwa, akachunguzwa na kuhukumiwa na watu waliokuwa mamia ya kilomita kutoka mahali damu ilipomwagika. Hakuna mahakama iliyokaa, wala hakuna hukumu iliyosomwa. Lakini adhabu aliipata.

Mirambo alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Jina lake la awali lilikuwa Mtyela Kasanda, na baba yake, Kasanda, ndiye aliyekuwa mtemi wa Uyowa. Simulizi za wazee zinaeleza kwamba katika ujana wake aliishi karibu na Wangoni waliokuwa wameingia Unyamwezi kutoka kusini, wale walioitwa Watuta, na kutoka kwao akajifunza mbinu za kupigana kwa vikosi vilivyopangwa na kushambulia kwa ghafla. Jina la Mirambo, lenye maana ya maiti, alilipata katika vita, nalo likamtangulia kila alikokwenda.

Ili kumwelewa Mirambo ni lazima kwanza kuielewa Tabora ya wakati huo. Mji huo, uliokuwa katika utemi wa Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya biashara ya Afrika Mashariki yote. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika Tabora baada ya safari ya miezi mitatu hivi. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja ilielekea Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka kusini kuelekea Ukonongo. Nguo, shanga, bunduki na baruti viliingia bara. Pembe za ndovu na watumwa wakatoka. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba shehena hizo mabegani.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Tabora walikwisha kuonja ladha ya kuingilia siasa za watemi. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alipotaka kuwatoza kodi walimwondoa madarakani, wakamweka Mkasiwa mahali pake, kisha wakamwandama kwa miaka kadhaa hadi akauawa mwaka 1865. Mirambo alikuwa kijana wakati huo na aliyaona yote. Alielewa kwamba mtemi asiye na bunduki zake mwenyewe alikuwa akitawala kwa hisani ya wageni.

Kwa hiyo alijenga jeshi. Kiini chake kilikuwa rugaruga, vijana wa vita waliokusanywa kutoka makabila mbalimbali, wengi wao wakiwa wametengana na jamaa zao, waliovaa vitambaa vyekundu na manyoya na kuishi kwa nyara. Aliunganisha Uyowa na Ulyankulu, akaziteka temi za jirani moja baada ya nyingine, na himaya yake ikajulikana kwa jina la Urambo. Ilipofika mwaka 1871 alikuwa anaweza kuifunga njia ya Ujiji kwa amri yake tu.

Mwezi Agosti mwaka huo Waarabu wa Tabora walimwendea kwa vita. Pamoja nao alikuwepo mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Dakta Livingstone. Walikiteka kijiji kimoja cha Mirambo, wakabeba nyara na kuanza kurejea kwa furaha, bila kujua kwamba mtemi huyo alikuwa amewavizia njiani. Wengi waliuawa. Siku chache baadaye Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe, akachoma sehemu kubwa ya makazi, na mfanyabiashara mashuhuri Khamis bin Abdulla akapoteza maisha. Stanley alilazimika kuizunguka vita kwa kupita kusini, katika nchi ya Ukonongo, ndipo akafika Ujiji.

Vita viliendelea kwa miaka kadhaa, vikapandisha bei ya pembe na kuwatia hofu wenye mitaji Zanzibar. Lakini Mirambo hakuwa mtu wa vita peke yake. Alitambua kwamba bunduki na baruti zilitoka pwani, na kwamba mwenye sauti pwani hakuwa Sultani Barghash peke yake bali pia Dakta John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, mtu ambaye mwaka 1873 alisimamia mkataba uliofunga soko la watumwa la kisiwa hicho. Mirambo akaona kwamba akiweza kuzungumza na Waingereza moja kwa moja, hatahitaji kupitia mlango wa Waarabu wa Tabora.

Mwezi Aprili mwaka 1876 alikutana na Stanley, aliyekuwa katika safari yake ya pili, wakachanjiana undugu wa damu. Stanley, aliyetarajia kukutana na jambazi wa porini, alimkuta mtu mpole wa maneno, mwenye heshima na macho makali, na baadaye akamfananisha na Napoleon. Mfanyabiashara wa Kiswisi, Philippe Broyon, aliishi na kufanya biashara naye. Mwaka 1879 alimpokea Dakta Ebenezer Southon, mganga wa Shirika la Misheni la London, akamruhusu kujenga Urambo. Kirk naye alianza kumwona Mirambo kuwa mtawala anayeweza kuwa rafiki wa Uingereza katika bara zima.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya mambo kabla ya mkasa wa Mpimbwe: mtemi aliyeanza kwa moto na mkuki alikuwa anakaribia kutambuliwa kimataifa.

Carter na Cadenhead waliingia katika historia hii kwa njia ya ajabu. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa na tamaa ya kuliingia bara la Afrika, alitaka kujua kama tembo wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mwaka 1879 tembo wanne kutoka India walishushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakiwa chini ya uangalizi wa Carter. Walianza safari ya kwenda Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako chama cha mfalme huyo kilikuwa kimeanzisha kituo. Wanyama hao walikufa njiani mmoja baada ya mwingine, na tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema mwezi Desemba mwaka huo, naye hakudumu.

Mwezi Juni mwaka 1880 Carter, akiwa pamoja na Cadenhead, aliondoka Karema kurudi pwani. Walipofika Mpimbwe, eneo ambalo leo limo katika Mkoa wa Katavi, walijikuta katikati ya vita visivyowahusu. Mirambo, akishirikiana na Simba wa Usavira, alikuwa amekuja kupigana na mtemi wa hapo. Kijiji walimokuwa Waingereza hao kilishambuliwa. Wote wawili waliuawa, pamoja na watu wa msafara wao na wakazi wa Mpimbwe, na mali zikachukuliwa.

Kwa mpelelezi wa leo, tukio la namna hiyo lingeanzia mahali pa mauaji. Angetaka kuona miili na majeraha, kuokota risasi, kuhoji kila shahidi peke yake kabla hawajalinganisha maneno, na kumtambua aliyefyatua bunduki. Kisha angekuja kwenye swali gumu kuliko yote, yaani nia: je, washambuliaji walijua kwamba ndani ya boma mlikuwa na wageni wasio upande wowote? Na kama walijua, je, kiongozi wao alijua?

Hakuna ofisa wa Uingereza aliyetumwa Mpimbwe kuuliza maswali hayo. Kirk alikaa Zanzibar na kuujenga ushahidi wake kwa mambo yaliyomfikia mezani. Palikuwa na maelezo ya watumishi na wapagazi walionusurika, watu waliokimbia kuokoa roho zao na ambao hakuna aliyeweza kuona vita vyote kutoka upande wote. Palikuwa na taarifa za Wabelgiji, waliokuwa wamepoteza wenzao. Palikuwa na maneno ya wafanyabiashara wa Tabora, ambao kwa miaka tisa walikuwa wakimwomba kila mwenye nguvu awasaidie kumwondoa Mirambo. Na palikuwa na barua za Southon kutoka Urambo.

Barua hizo za Southon ndizo zilizobeba utetezi wa mtuhumiwa. Mirambo alimweleza mganga huyo kwamba hakuwatuma watu wake kuua Wazungu, na kwamba mauti yale yalitokea katika vurugu za vita dhidi ya adui wake. Southon alikuwa na sababu ya kumsikiliza, kwani alimfahamu mtemi kwa karibu. Lakini pia alikuwa na sababu ya kutaka aaminiwe, kwa kuwa misheni yake na usalama wake vilitegemea hisani ya mtu huyo huyo. Kwa maneno mengine, hakuna shahidi katika kesi hiyo aliyekuwa hana maslahi.

Ikumbukwe pia kwamba hofu ilikuwa imetanda tangu kabla. Mwishoni mwa mwaka 1878 mhandisi wa misheni ya Kianglikana, William Penrose, aliuawa na rugaruga katika eneo la Mgunda Mkali, upande ambao Nyungu ya Mawe, mtawala mwingine wa vita, ndiye aliyekuwa na nguvu. Kwa masikio ya watu wa pwani na Ulaya, rugaruga walikuwa rugaruga tu, na tofauti kati ya bwana mmoja na mwingine haikuonekana vizuri kutoka baharini.

Umbali ulikuwa na nafasi yake katika kesi hii. Tangu mwaka 1879 Zanzibar ilikuwa imeunganishwa na Aden kwa waya wa simu uliopita chini ya bahari, na kupitia hapo ikaunganishwa na London. Habari iliyotoka kwenye meza ya Kirk iliweza kufika Ulaya kwa muda mfupi sana. Lakini habari iliyotoka Mpimbwe hadi kwenye meza hiyo ilisafiri kwa miguu ya matarishi kwa wiki nyingi. Tuhuma zilikwenda kwa umeme, na majibu ya mtuhumiwa yakaja kwa miguu.

Mwishowe Kirk alimbebesha Mirambo dhamana ya vifo hivyo. Hoja yake haikuwa ya ajabu kisheria: jeshi lilikuwa la Mirambo, naye mwenyewe alikuwa katika vita hivyo, na kiongozi hawezi kujitenga na matendo ya watu wake. Serikali nyingi duniani zingesema hivyo hivyo. Lakini kanuni hiyo haikuwagusa wengine waliopigana katika njia hiyo. Waarabu waliochoma vijiji vya Unyamwezi mwaka 1871, mbele ya macho ya Stanley, hawakuitwa wauaji na balozi yeyote.

Katika Unyamwezi wenyewe, mauaji yalikuwa na utaratibu wake. Mtemi, akisaidiwa na wanyampara, ndiye aliyesikiliza kesi ya damu. Mganga aliweza kuitwa kupiga ramli kwa kuchunguza kuku, na mtuhumiwa aliyekana aliweza kunyweshwa mwavi. Wenye mfu waliweza kulipwa fidia ili kisasi kisiendelee. Utaratibu huo ulikuwa na ukatili wake, na wasio na hatia wengi walikufa kwa mwavi. Lakini ulitenganisha mambo mawili: mtu aliyeuawa nyumbani kwa hila alikuwa na kesi, na mtu aliyekufa ndani ya boma lililozingirwa vitani alikuwa mfu wa vita. Kwa Mirambo, Carter na Cadenhead walikuwa wa kundi la pili. Kwa Kirk walikuwa raia wa Uingereza waliouawa. Pande hizo mbili hazikuwahi kukaa chini ya mti mmoja kuamua ni sheria ipi itumike.

Adhabu ilikuja bila risasi. Huko Zanzibar palikuwa na mazungumzo ya kulipeleka jeshi jipya la Sultani, lililofundishwa na Luteni Lloyd Mathews wa jeshi la majini la Uingereza, lakini jeshi hilo halikufika Urambo. Badala yake mlango ulifungwa. Urafiki na Uingereza, ambao Mirambo aliujenga kwa subira kwa miaka minne, ulikatika. Southon, aliyekuwa sauti yake kwa Wazungu, alifariki mwezi Julai mwaka 1882 baada ya kujeruhiwa mkono na risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya, akazikwa Urambo.

Mirambo hakukaa kimya. Alitafuta njia nyingine. Mwaka 1882 alipatana na Tippu Tip, tajiri mkubwa wa pembe ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, ingawa kwa muda mrefu Waarabu wengine walimhesabu mtemi huyo kuwa adui wao wa jadi. Mwaka huo huo alimkaribisha mpelelezi wa Kijerumani Hermann von Wissmann, aliyekuwa akivuka bara kutoka Atlantiki, naye aliondoka akiwa amevutiwa na mwenyeji wake. Kwa wageni hao wote mtemi hakuonekana kuwa muuaji wa wasafiri. Hata hivyo, wala Tippu Tip wala Wissmann hakuweza kumpa alichokuwa amekipoteza, yaani kutambuliwa na dola iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote Zanzibar.

Si haki kumsafisha Mirambo kwa sabuni ya uzalendo. Rugaruga wake walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao, wakachukua wanawake na watoto, na himaya yake ilinufaika na biashara ya watumwa kama zilivyonufaika nyingine za wakati huo. Watu wa Mpimbwe waliokufa siku ile walikuwa na madai dhidi yake yenye uzito kuliko ya balozi yeyote. Lakini uchunguzi wa Zanzibar uliwahusu Wazungu wawili. Wapimbwe na wapagazi waliolala hapo hapo hawakupata mtu wa kuwaandikia barua.

Afya yake ilianza kudhoofika kwa ugonjwa wa koo, na tarehe 2 Desemba mwaka 1884 Mtemi Mirambo alifariki dunia. Wakati huo huo, mjini Berlin, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikuwa wamekwisha kukaa kwa zaidi ya wiki mbili katika mkutano uliowekea kanuni mgawanyo wa Afrika, na Carl Peters alikuwa Usagara akikusanya mikataba kwa niaba ya Wajerumani. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuishikilia himaya kama ilivyokuwa. Mwaka 1890 bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora, na mwezi Januari mwaka 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya boma lake badala ya kukamatwa na Wajerumani.

Haiwezekani kusema kwamba urafiki na Uingereza ungeiokoa Urambo. Watawala wengine waliokuwa marafiki wa Waingereza nao walimezwa. Lakini ni kweli kwamba mwaka 1880 Mirambo alikuwa mtawala pekee wa bara la magharibi aliyekuwa akisikilizwa Zanzibar bila kupitia kwa Waarabu, na kwamba nafasi hiyo ilizimwa na uchunguzi ambao haukufika mahali pa tukio.

Waliompenda Mirambo walimwita shujaa na waliomwogopa walimwita jambazi. Kesi ya Mpimbwe haitoi jibu la nani kati yao alikuwa sahihi. Inaonyesha jambo jingine, ambalo kila anayeshika jalada la mauaji hadi leo anapaswa kulikumbuka: damu huchunguzwa pale ilipomwagika, mashahidi hupimwa kwa maslahi yao, na mtuhumiwa husikilizwa kabla ya hukumu kutumwa. Mirambo alikuwa na mengi ya kujibu. Aliyoulizwa yalikuwa machache, na majibu yake yalifika yakiwa yamechelewa.